Asteroidi 1428 Mombasa: nani aliigundua, na jina lilitoka wapi?

Mwanafalaki_Chipukizi ameuliza:

Wakuu, salaam. Nimekuwa nikipitia orodha ya asteroidi za ule ukanda ulio kati ya Mirihi na Mshtarii, nikifuata namba zake. Mwanzoni ni majina ya miungu wa kike wa Warumi na Wagiriki: Ceres, Pallas, Juno, Vesta. Unaendelea hivyo kwa muda mrefu, kisha majina ya watu na miji ya Ulaya yanaanza kuingia. Ukishavuka elfu moja na kitu, mambo yanageuka. Nilipofika 1427 nikakuta Ruvuma. 1428, Mombasa. 1429, Pemba. 1430 Somalia, 1431 Luanda, 1432 Ethiopia. Sita mfululizo, zote za bara letu, na zote zimeandikwa kwamba ziligunduliwa mwaka 1937.

Sikuwa najua kabisa kwamba kuna jiwe linaloitwa Mombasa linazunguka Jua. Nimefurahi, lakini nimebaki na maswali. Aliyeligundua ni nani, na alikuwa wapi? Je, ni mtu aliyewahi kufika Mombasa? Jambo jingine linanitatiza: Pemba imeandikwa kuwa iligunduliwa tarehe 2 Julai na Mombasa tarehe 5 Julai, ila Mombasa ndiyo yenye namba ya mbele. Inakuwaje? Na kuna mahali nimeona imeandikwa "1937 NO" badala ya jina. Hiyo NO ni kifupi cha nini?

Mwenye kujua anisaidie, nataka kulieleza jambo hili kwa wanafunzi wangu bila kubahatisha.

Mzee_wa_Darubini amejibu:

Mwalimu, umegusa jambo ninalolipenda kuliko yote katika elimu ya anga, kwa hiyo univumilie nikirefusha.

Mgunduzi ni Cyril Jackson. Alizaliwa Ossett, Yorkshire, Uingereza, mwaka 1903, akahamia Afrika Kusini na familia yake akiwa bado mtoto. Mwaka 1928 akaanza kazi Union Observatory, kituo cha serikali cha kuchunguza anga kilichokuwa kilimani jijini Johannesburg. Ni hapo alipoigundua Mombasa, 5 Julai 1937. Somalia nayo ina tarehe hiyohiyo. Pemba ilikuwa imetangulia siku tatu, na Ruvuma aliipata tarehe 16 Mei. Luanda ikafuata 29 Julai, na Ethiopia tarehe 1 Agosti. Kwa jumla Jackson anatambuliwa kuwa mgunduzi wa asteroidi 72, na zipo kometi tatu zenye jina lake.

Sasa ziangalie tarehe hizo vizuri, maana zinasema mengi. Mei, Julai, Agosti. Kenya na Uganda (ndiyo, zipo pia, namba 1278 na 1279) zote ni za 15 Juni 1933. Nyanza na Ruanda zote ni za 3 Mei 1935. Kwa nini miezi ya katikati ya mwaka?

Sababu ya kwanza ni hali ya hewa. Johannesburg iko kwenye uwanda wa juu, na mvua zake huja na ngurumo wakati wa kiangazi cha kusini, kuanzia mwishoni mwa mwaka. Miezi ya baridi ni mikavu, anga ni safi, na usiku ni mrefu. Sababu ya pili, ambayo kwangu ndiyo tamu zaidi, ni mahali asteroidi zinapokuwa. Asteroidi hung'aa zaidi inapokuwa upande wa pili wa Dunia kutoka kwa Jua, yaani inapofika juu kabisa usiku wa manane. Mapema Julai, upande huo wa anga ni kwenye kundinyota la Mshale, ambalo wengine huliita Kausi, kama digrii 23 kusini mwa ikweta ya anga. Johannesburg yenyewe iko digrii 26 kusini. Kwa hiyo eneo hilo hupita karibu kabisa na utosi wa mtazamaji, mahali ambapo hewa ya kupenya ni chache kuliko popote. Walinganishe na wagunduzi wakubwa wa wakati huo waliokuwa Heidelberg, Ujerumani, digrii 49 kaskazini. Kwao Mshale hupanda hadi digrii 18 hivi tu juu ya upeo wa macho, tena katika usiku mfupi wa kiangazi. Kwa miezi hiyo, mtu wa Johannesburg alikuwa na sehemu ya anga ambayo wenzake wa kaskazini waliichungulia kwa shida.

Na mwezi je? Tarehe 8 Juni 1937 Jua lilipatwa kikamilifu, kupatwa kule kulikovuka Bahari ya Pasifiki hadi Peru. Jua hupatwa tu mwezi unapopita kati yake na sisi, ukiwa haung'ai kabisa upande wetu. Ongeza siku 29 na nusu unafika karibu tarehe 8 Julai. Basi tarehe 2 na 5 Julai mwezi ulikuwa umekonda na ulichomoza usiku ukiwa umekwenda sana. Anga lilikuwa jeusi. Kila nikiitazama tarehe ya Mombasa namwona mtu aliyeijua kalenda yake na hakutaka kupoteza usiku hata mmoja mzuri.

Kazi yenyewe ilifanywa kwa picha. Tangu Max Wolf alipoanza kutumia kamera kutafuta asteroidi, na kuipata 323 Brucia mwaka 1891, hapakuwa na haja tena ya mtu kukariri nyota kwa jicho. Bamba la kioo lililopakwa dawa huwekwa kwenye darubini, linaachwa wazi kwa muda mrefu huku darubini ikizifuata nyota. Nyota zinatoka nukta. Kilichosogea kinatoka mstari mfupi. Njia nyingine ni kupiga mabamba mawili ya eneo lilelile kwa nyakati mbili, kisha kuyatia kwenye chombo kinachoonyesha hili na lile kwa kupokezana haraka. Nyota zinatulia, na chenye kuhama kinarukaruka. Kituo hicho cha Johannesburg kilikuwa na sifa kwa kazi ya aina hii: mwaka 1915 mkurugenzi wake, Robert Innes, alilinganisha mabamba kwa njia hiyo akaipata Proxima Centauri, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya Jua.

Tuje kwenye "1937 NO". Si kifupi cha maneno yoyote. Ni jina la muda, na limejengwa kwa utaratibu unaotumika tangu mwaka 1925. Mwaka hugawanywa katika nusu za miezi, na kila nusu hupewa herufi, I ikirukwa ili isichanganywe na moja. A ni 1 hadi 15 Januari, B ni 16 hadi 31 Januari, unaendelea hivyo hadi N, ambayo ni 1 hadi 15 Julai. Herufi ya pili ni mpangilio ndani ya nusu hiyo. Ukihesabu bila I, O ni ya 14. Basi 1937 NO ni kitu cha 14 kilichoandikishwa katika nusu ya kwanza ya Julai 1937. Pemba ilikuwa 1937 NH, cha nane. Somalia ilikuwa 1937 NK, cha kumi. Wape wanafunzi wako herufi hizo waone kama watapata tarehe wenyewe, watafurahi.

Hapa unaona jibu la swali lako kuhusu namba. Katika majina ya muda, Pemba kweli iko mbele ya Mombasa. Lakini namba ya kudumu haitolewi kwa kuonekana. Inatolewa kwa njia kujulikana. Ukiona nukta imesogea usiku mmoja, una ushahidi tu kwamba kitu kipo. Hujui kiko mbali kiasi gani wala kitakuwa wapi mwaka ujao. Lazima kionekane tena na tena, vipimo vya mahali pake vikusanywe, na mtu akae apige hesabu ya obiti, yaani njia yake ya kulizunguka Jua, hadi aweze kusema: mwezi fulani mtaikuta hapa. Asteroidi ikifikia hapo ndipo inapata namba. Ruanda iligunduliwa miaka miwili kabla ya Mombasa, lakini namba yake ni 1638. Ilisubiri.

Somo hili wanafalaki walilipata mapema. Giuseppe Piazzi aliiona Ceres akiwa Palermo tarehe 1 Januari 1801, akaifuata kwa wiki chache, kisha ikazama kwenye mwanga wa Jua. Hakuna aliyejua pa kuitafuta. Carl Friedrich Gauss, akiwa na umri wa miaka 24, alibuni njia ya kukokotoa obiti kutokana na vipimo vile vichache, na mwishoni mwa mwaka huohuo Franz Xaver von Zach akaikuta karibu kabisa na mahali Gauss alipoelekeza. Tangu hapo kila asteroidi yenye heshima yake imepitia mlango huo. Ndiyo maana mimi nikiona "1428 Mombasa" naiheshimu ile 1428 kuliko neno linalofuata. Jina ni zawadi. Namba ni ushahidi wa kazi ya watu wengi.

Kuhusu kama Jackson alifika Mombasa, sitakubunia hadithi. Ni desturi kwamba mgunduzi ndiye anayependekeza jina, na ukizisoma asteroidi zake kwa pamoja unaona alikuwa akilizunguka bara: Africa yenyewe ni 1193, kuna Chaka 1246, Khama 1357, Limpopo 1490. Mombasa imetajwa kwa ajili ya mji wa bandari wa Kenya, basi.

Na jiwe lenyewe usilisahau kwa sababu ya jina. Ni kubwa, upana wake ni kama kilomita 55. Ni jeusi, la jamii ya asteroidi zenye kaboni nyingi, hurudisha sehemu ndogo sana ya mwanga wa Jua. Liko katikati ya ukanda, umbali wake kutoka kwa Jua ukicheza kati ya mara 2.4 na mara 3.2 ya umbali wetu sisi. Mzunguko mmoja huchukua miaka minne na miezi minane. Njia yake imeinama digrii 17 hivi kulinganisha na ya Dunia, kwa hiyo hupanda na kushuka sana kuliko sayari kubwa.

Binti_Ramani amejibu:

Mzee, shikamoo, na ahsante kwa somo. Mimi si mtu wa anga, nafundisha jiografia, ila orodha hii imenivuta kwa upande wangu.

Kuhusu Pemba, mtu asije akachanganya. Leo kuna Pemba mbili ambazo watu huzitaja sana: kisiwa cha Zanzibar na mji wa kaskazini mwa Msumbiji. Mwaka 1937 mji ule ulikuwa ukiitwa Porto Amélia, jina la Pemba ulilipata baada ya uhuru wa Msumbiji. Asteroidi imepewa jina la kisiwa. Ruvuma ni ule mto wa mpaka, ambao siku hizo ulitenganisha Tanganyika ya Waingereza na Msumbiji ya Wareno.

Ukiitazama orodha ya Jackson kwa jicho la ramani, unasoma bara la wakati wake lilivyokuwa. Namba 1197 ni Rhodesia. Nchi hiyo haipo tena kwa jina hilo, tangu 1980 ni Zimbabwe. Namba 1638 imeandikwa Ruanda kwa tahajia ya zamani, leo sote tunaandika Rwanda. Ethiopia ilipata asteroidi yake mwaka 1937, wakati majeshi ya Italia yalikuwa yameikalia na mfalme wake Haile Selassie yuko uhamishoni Uingereza. Nikiwaza hilo nasimama kidogo. Siwezi kusema mgunduzi alikusudia lolote, lakini jina la nchi iliyokuwa imefutwa kwenye ramani za Italia likabaki juu kama Ethiopia.

Jambo linaloniuma, na nalisema kwa dhati, ni kwamba katika majina yote haya hakuna mtu wa Mombasa wala wa Pemba aliyeulizwa. Mabaharia wa pwani hii walisafiri kwa nyota kwa karne nyingi, walikuwa na majina yao ya nyota na nyakati za kusi na kaskazi. Kisha mji wao unaandikwa angani kutoka Johannesburg, na wao hawana habari. Nafurahi jina lipo. Lakini natamani tungekuwa tumelipeleka wenyewe.

Mwanafalaki_Chipukizi ameandika:

Mzee na Dada Binti_Ramani, ahsanteni sana. Nimelijaribu lile la herufi kwa Ruvuma, 1937 KB: K ni nusu ya pili ya Mei, B ni cha pili. Na tarehe ni 16 Mei, yaani siku ya kwanza kabisa ya nusu hiyo. Imekubali!

Maneno ya Dada yamenigusa. Je, majina haya yanaweza kubadilishwa, kwa mfano Rhodesia ikawa Zimbabwe? Na mtu wa kwetu leo anaweza kupeleka jina? Kuna tovuti zinazouza vyeti vya kuita nyota jina la mtu, nimekuwa na wasiwasi nazo.

Mzee_wa_Darubini amejibu:

Marahaba, binti yangu. Ulichosema kuhusu Ethiopia sikuwahi kukiweka sambamba na tarehe, na tangu nisome nimekuwa nikikirudia.

Mwalimu, nianze na vyeti. Usinunue. Hakuna anayeuza jina la angani likatambuliwa na wanafalaki. Kwa asteroidi, chombo chenye mamlaka ni kamati ya Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, na kamati hiyo haitozi malipo. Jina la asteroidi halinunuliki kwa njia yoyote, na ni vizuri wanafunzi wako walisikie hilo kutoka kwako mapema.

Majina yaliyokwisha kutolewa hayabadilishwi kwa sababu ramani imebadilika. Kuna maana kubwa katika hilo. Vipimo vya Rhodesia vilivyoandikwa miaka ya 1930 lazima vipatikane na mtu wa leo chini ya jina lilelile na namba ileile, la sivyo kazi ya wazee inapotea. Kwa hiyo Rhodesia itabaki, na Ruanda itabaki na tahajia yake. Ukitaka Zimbabwe, inatafutiwa jiwe jingine.

Utaratibu wa sasa ni huu. Zamani, enzi za Mombasa, namba zilitolewa na taasisi ya hesabu za anga iliyokuwa Berlin. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kazi hiyo ikahamia kituo kipya cha kimataifa cha sayari ndogo, Minor Planet Center, kilichoanzishwa Cincinnati, Marekani, mwaka 1947 na baadaye, mwaka 1978, kuhamia Cambridge, Massachusetts. Asteroidi ikishapata namba, mgunduzi ana miaka kumi ya kupendekeza jina. Lisizidi herufi 16, ikiwezekana liwe neno moja, litamkike, lisimtukane mtu, lisifanane mno na jina lililopo. Lisiwe tangazo la biashara. Majina ya wanyama wa kufugwa nyumbani hayapendelewi. Na kuna kanuni ninayoipenda sana: mtu au tukio linalojulikana hasa kwa siasa au vita halipewi asteroidi hadi miaka mia ipite tangu mtu huyo afariki au tukio hilo litokee. Kanuni hiyo imeiepusha orodha na aibu nyingi.

Mgunduzi hukubaliwa kupendekeza jina la mtu mwingine, na desturi nzuri ni kutojipa jina lako mwenyewe. Wenzako ndio hukupa. Jackson naye alipata: 2193 Jackson, asteroidi iliyogunduliwa mwaka 1926 na Harry Edwin Wood palepale Johannesburg. Yaani ilikuwa imeshapigwa picha katika kituo hicho miaka miwili kabla Jackson hajaajiriwa.

Zipo mamia ya maelfu ya asteroidi zenye namba leo, na zenye majina hazifiki 30,000. Nafasi zipo tele. Darubini kubwa ndizo zinazogundua nyingi sasa. Ile ya Vera C. Rubin kule Chile, katika picha zake za kwanza zilizotolewa Juni 2025, ilitangaza asteroidi mpya 2,104 kutoka kwenye saa kama kumi tu za kutazama. Msidhani kwamba mlango umefungwa kwa hilo. Kuna mpango wa kimataifa, International Astronomical Search Collaboration, unaowapa wanafunzi na walimu popote walipo picha halisi za anga, nyingine kutoka darubini za Pan-STARRS za Hawaii, bila malipo. Wanafunzi wanazipepesa kwenye kompyuta kwa programu ya Astrometrica, kazi ileile ya mabamba, wakitafuta nukta inayohama. Kikundi kikiona kitu kipya, kinaandikishwa kwa jina la kikundi hicho. Kisha inakuja ile subira niliyoisema: miaka ya vipimo hadi obiti ithibitike na namba itoke, na baada ya namba ndipo jina.

Binti_Ramani, hilo ndilo jibu langu kwa uchungu wako, na nauona kuwa wa haki. Hakuna atakayetuletea fomu tujaze. Walioita mawe yale Ruvuma na Mombasa walipata haki hiyo kwa kukaa gizani na mabamba. Mwalimu akiunda kikundi cha wanafunzi, mimi niko tayari kuwafundisha kutumia Astrometrica kuanzia mwanzo, na majina ya nyota za mabaharia uliyoyataja ningependa wewe uwe umeyakusanya mapema, yasubiri yakiwa tayari na maelezo yake. Kamati hutaka maelezo mafupi ya kila jina, sentensi chache tu, na ni hapo wengi hukwama.

Kamera_na_Lenzi ameongeza:

Kwa atakayetaka kuiona Mombasa kwa macho yake, niongeze machache ya vitendo, maana mimi hupiga picha za asteroidi.

Kwa macho matupu haiwezekani, na kwa darubini ndogo ya mkononi pia haiwezekani. Hata inapokuwa mahali pazuri, mwangaza wake uko kwenye magnitudi ya 13 au 14 (katika kipimo hiki, namba ikiwa kubwa mwanga ni mdogo), yaani hafifu mno. Vesta ndiyo asteroidi ya ukanda huo ambayo, ikiwa karibu na anga likiwa jeusi kabisa, jicho linaweza kuibahatisha. Kwa Mombasa utahitaji darubini ya kioo cha kama sentimita 20 au zaidi yenye mota ya kufuata nyota, na kamera. Picha ya dakika moja au mbili inatosha kuitoa kama anga lako halina taa nyingi.

Mahali pa kuitafuta utapata bure kwenye huduma ya Minor Planet Center: unaandika 1428, tarehe na mahali ulipo, inakupa jedwali la mahali ilipo angani kwa kila saa. Chagua kipindi ambacho iko juu usiku wa manane. Hurudi katika hali hiyo kila baada ya miezi 15 au 16, kwa sababu Dunia inaizunguka njia yake haraka zaidi na kuifikia tena.

Kwenye picha itakuwa nukta kama nyota nyingine yoyote. Hakuna umbo, hakuna rangi. Kuithibitisha, piga picha ya kwanza, ngoja saa mbili, piga ya pili ya eneo lilelile, kisha zipishanishe kwenye kompyuta. Inapokuwa upande wa anga ulio mkabala na Jua husogea kama nusu ya dakika ya tao (dakika moja ya tao ni sehemu moja ya 60 ya digrii) kwa saa, hivyo kwa saa mbili tofauti itaonekana wazi, na kwa siku nzima itakuwa imehama pungufu kidogo ya nusu ya upana wa mwezi mpevu. Itasogea kuelekea magharibi kati ya nyota, wala usishtuke: ni sisi tunaoipita.

Mwalimu, mkiipiga, pimeni mahali pake na muda kamili, kwa sekunde. Kituo kikishawapa msimbo wa waangalizi mnaweza kutuma vipimo vyenu, vikaingia kwenye jalada lilelile la 1428, pamoja na kile cha 5 Julai 1937.